Wachezaji Wawili Mezani: Kuchagua Kati ya Dungeons & Dragons, Cairn na Ironsworn

Kikundi chetu kilianza na watu watano kuizunguka meza moja, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tumebaki watatu, kwa kuwa mmoja alihamishwa kikazi na mwingine alipata mtoto. Akabaki mwongozaji mmoja na wachezaji wawili. Hapo ndipo swali tulilokuwa tumezoea kulibishania, yaani mchezo upi wa kuigiza mezani ulio bora kuliko mingine, lilipopoteza maana kwetu. Kikundi kidogo kinahitaji kujua jambo jingine kabisa: ni mchezo upi unaovumilia viti vitupu, na ni upi ambao kila kiti kilichokosa mtu hugeuka adhabu kwa waliobaki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii, michezo hii ni masimulizi ya pamoja yenye kanuni. Kila mchezaji humbuni mhusika mmoja na kumsemea. Mwongozaji hueleza mahali walipo, huwasemea watu wengine wote na viumbe wote, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Nitailinganisha mitatu ambayo nimeicheza kwa muda wa kutosha kuisema kwa haki: Dungeons & Dragons ya toleo la tano, Cairn ya Yochai Gal iliyotoka mwaka 2020, na Ironsworn ya Shawn Tomkin iliyotoka mwaka 2018. Pathfinder nimeiacha kando kwa makusudi. Kanuni zake zinapatikana bure mtandaoni na ni nzuri, lakini hesabu yake ya mapambano imejengwa juu ya wahusika wanne, na kila anayepungua humlazimu mwongozaji kupunguza maadui kwa hesabu; mtu aliyeshindwa kuibeba Dungeons & Dragons akiwa na wachezaji wawili hatapata nafuu huko.

Mhusika mmoja, karatasi tatu

Njia ya haki ya kulinganisha ni kumchukua mhusika yule yule na kumwandika katika michezo yote mitatu. Wetu ni Kombo, hamali wa bandarini, aliyekubali usiku mmoja kubeba sanduku bila kuuliza ndani mna nini, na tangu siku hiyo anatafutwa na watu asiowajua.

Katika Dungeons & Dragons, Kombo anaanzia kwenye fani, yaani aina ya kazi ya mhusika. Ziko 12 katika kitabu cha wachezaji, na mtu mwenye mabega ya hamali anaelekea moja kwa moja kwenye fani ya mpiganaji. Kisha unafuata uwezo wa aina sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Unaweza kurusha dadu nne za pande sita na kuiondoa ndogo kuliko zote, mara sita. Unaweza kununua uwezo kwa pointi 27. Au unaweza kugawa namba zilizokwisha kupangwa, yaani 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Kwa kikundi kidogo ninasisitiza njia hii ya mwisho, kwa sababu wachezaji wanapokuwa wawili tu, mmoja akipata dadu mbaya na mwenzake akapata nzuri, tofauti hiyo itawakaa machoni kila kikao hadi mwisho wa safari. Kwa kanuni za mwaka 2014, Kombo akiwa binadamu anaongezewa pointi moja kila mahali, kwa hiyo nguvu inafika 16 na ustahimilivu 15. Anaanza na pointi 12 za uhai, deraya inayompa kinga ya 16, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili pigo limpate, na upanga wa mikono miwili. Bado hujachagua ujuzi, mtindo wa kupigana, usuli wa maisha na vifaa. Kwa mchezaji mgeni, kazi hii ilituchukua saa nzima, na karatasi ilijaa pande zote mbili.

Katika Cairn, hakuna fani. Unarusha dadu tatu za pande sita mara tatu, kwa nguvu, wepesi na nia, kisha unaruhusiwa kubadilishana namba mbili. Kombo alipata 9, 13 na 8. Tukapeleka 13 kwenye nguvu na 9 kwenye wepesi. Pointi za uhai ni dadu moja ya pande sita, naye akapata 4. Kilichobaki ni mizigo, na hapa ndipo mchezo huu ulipomfaa hamali wetu kuliko yote. Kila mhusika ana nafasi 10 za kubebea vitu, mikono miwili ikiwemo, na kitu kikubwa hula nafasi mbili. Akizijaza zote 10, pointi zake za uhai zinashuka hadi sifuri, kwa kuwa mtu aliyeelemewa hawezi kujikinga. Sanduku lile lilikula nafasi mbili. Chakula cha siku tatu kikachukua moja, mwenge moja, rungu moja, kamba moja. Mchezaji alipotaka kuchukua na koleo pamoja na taa, alinyamaza akaitazama karatasi yake, akauliza kama anaweza kulifungua sanduku ili abebe kilichomo peke yake. Hadithi yetu ilianza hapo, kabla mwongozaji hajasema neno, na ilikuwa dakika ya 10 tangu tuketi.

Ironsworn inaanza na mambo matano: wepesi, moyo, chuma, kivuli na werevu, nawe unagawa 3, 2, 2, 1 na 1. Kombo akapewa chuma 3, moyo 2, werevu 2, na kilichobaki ni 1 na 1. Afya, ari na akiba ya chakula zote zinaanzia 5. Kisha anachagua kadi tatu za vipaji, anawataja watu aliofungamana nao, na anakula kiapo. Kiapo hicho ndicho moyo wa mchezo: mhusika asiye na jambo aliloapa kulitimiza hana kanuni ya kumsukuma mbele. Kombo aliapa kumpata aliyempa sanduku na kumrudishia mkononi. Ilituchukua kama dakika 40, nyingi zikiwa za mazungumzo na chache za hesabu.

Maadui wanne njiani

Kombo yuko peke yake kwenye njia ya porini, na goblini wanne, vijitu waovu wa hadithi za kubuni, wanamtokea. Hili ni jambo la kawaida kabisa katika hadithi za aina hii, na kwa wahusika wanne au watano ni pambano la kuchangamsha damu tu. Kwa mtu mmoja au wawili, michezo hii mitatu inaachana vibaya.

Dungeons & Dragons ilizaliwa Marekani mwaka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, kutoka katika michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo za askari, na asili hiyo bado inaonekana: anayepata zamu nyingi zaidi ndiye anayeshinda. Goblini wa kanuni za 2014 anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 4, kwa hiyo dhidi ya kinga ya 16 anapata mara 45 katika 100, na kila pigo linaondoa wastani wa pointi tano na nusu. Wakiwa wanne, wanaondoa takribani pointi 10 kwa kila duru. Kombo ana 12. Yeye kwa upande wake anapata mara 55 katika 100, na akipata, goblini mwenye pointi 7 huanguka karibu kila mara. Maana yake anaangusha goblini mmoja kwa kila duru mbili. Mpiganaji anaruhusiwa mara moja kuvuta pumzi na kurejesha pointi kadhaa, lakini hilo linamwongezea duru moja tu, halimwokoi. Katika duru ya pili au ya tatu yuko chini, na kila zamu anarusha dadu kuamua kama atakufa, bila mwenzake wa kumfunga jeraha.

Waandishi wenyewe walilijua tatizo hili. Mwongozo wa 2014 unasema kwamba kundi likiwa na wahusika chini ya watatu, kizidisho cha hatari ya maadui kipande ngazi moja. Ukifuata hesabu hiyo, goblini wanne wenye pointi 50 za uzoefu kila mmoja (si za uhai), jumla 200, wanazidishwa kwa 2.5 na kufika 500, ilhali kwa mhusika mmoja wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, pambano huhesabiwa kuwa la mauti likifika 100 tu. Mwongozaji mgeni anayenunua kisa kilichoandikwa tayari hatafika kwenye ukurasa huo kabla Kombo hajalala chini, na mimi nilikuwa mwongozaji huyo.

Cairn ina kanuni moja ndogo inayogeuza picha yote: maadui kadhaa wakimshambulia mtu mmoja, dadu zote zinarushwa, lakini ile kubwa kuliko zote peke yake ndiyo inayohesabiwa. Goblini wanne wenye silaha za dadu ya pande sita wanaleta wastani wa pointi 5 na kidogo, badala ya 14. Kinga ya 1 inapunguza moja. Kombo mwenye uhai wa 4 anafika sifuri katika duru ya kwanza, na hilo linatisha, lakini katika Cairn pointi za uhai si damu, ni uwezo wa kukwepa. Zikiisha, maumivu yanaingia kwenye nguvu, naye anarusha dadu ya pande 20 akitafuta namba isiyozidi nguvu yake ili asianguke. Yeye akipiga hakosi kamwe, kwa sababu hakuna kurusha dadu ya kulenga. Na goblini wa kwanza akifa, waliobaki hujaribiwa nia zao, na wakishindwa wanakimbia. Pambano zima huisha kwa dakika tano, na mara nyingi mchezaji anajifunza kwamba ingekuwa heri kupanda mti.

Ironsworn inawachukua maadui wanne kama kundi moja lenye cheo kimoja cha hatari, kilichopandishwa ngazi moja kwa sababu ya wingi wao. Hakuna zamu za adui. Kombo anarusha dadu moja ya pande sita, anaongeza chuma chake, na kulinganisha jumla hiyo na dadu mbili za pande 10: akizizidi zote amefaulu vizuri, akiizidi moja amefaulu kwa gharama, asipoizidi hata moja amekwama. Nilipiga hesabu: kwa uwezo wa 3, anafaulu vizuri mara 33 katika 100, kwa gharama mara 44, na kukwama mara 23. Kwa uwezo wa 1, kukwama kunapanda hadi 45. Idadi ya wachezaji haiingii popote katika hesabu hiyo.

Kumsaidia aliye peke yake

Haimaanishi kwamba Dungeons & Dragons haifai kwa wawili. Inafaa, ila inadai kazi ambayo michezo mingine haidai, na ni vyema mwongozaji aijue kazi hiyo kabla ya kuwaita watu. Mwaka 2019 kilitoka kisanduku cha kuanzia chenye kanuni za msaidizi, ili mwongozaji mmoja aweze kucheza na mchezaji mmoja, na mwaka 2020 kanuni hizo zikapanuliwa kuwa na wasaidizi wa namna tatu: mjuzi, mpigaji na mwenye uganga. Mpe kila mchezaji msaidizi mmoja, naye amwendeshe yeye mwenyewe wakati wa mapambano. Anza kwenye ngazi ya tatu, kwa kuwa Kombo wa ngazi hiyo ana pointi 28 badala ya 12. Usiweke maadui wengi kuliko wahusika mpaka umewazoea. Na katika kuchagua fani, wawili watafute zile zenye mikono miwili: kasisi anayevaa deraya na kuponya, au mwimbaji anayejua kufungua kufuli na kusema na wakubwa, wanaziba mapengo ambayo mpiganaji na mlozi hawawezi kuyaziba.

(Kuhusu neno mlozi: mezani kwetu tulibishana sana. Mchawi kwetu ni tusi, na mganga ni mtu tunayemwendea. Tukaafikiana kutumia mlozi kwa yule anayesoma vitabu vya uganga, na kila kikundi kinapaswa kuamua chenyewe, maana neno litakaa midomoni kwa miezi.)

Cairn inatatua upungufu wa watu kwa namna iliyo nyepesi zaidi, nayo ni vibarua. Unamwajiri mtu kwa ujira wa siku, unamrushia dadu zile zile tatu, unampa silaha duni, na yuko tayari. Ironsworn haihitaji hata hilo, kwa kuwa inachezwa kwa namna tatu: kukiwa na mwongozaji, kwa ushirika bila mwongozaji, au na mtu mmoja peke yake. Kwa kikundi cha watatu kama chetu, maana yake ni kwamba hata mwongozaji anaweza kuwa na mhusika wake. Wasipojua nini kinafuata, wanapiga ramli: wanauliza swali la ndiyo au siyo, wanakadiria uwezekano, na kurusha dadu ya mia, inayotoa namba 1 hadi 100. Tuliuliza kama mwenye sanduku amekwisha kufika mjini, tukakubaliana kwamba kuna kila dalili, maana yake jibu ni ndiyo kwa 26 na zaidi. Ikaja 19. Hakuwa amefika, na tukatumia kikao kizima kutafuta kilichomchelewesha.

Ironsworn ina uzito wake, nao nausema bila kuuficha. Ule ufaulu wa gharama, unaotokea karibu nusu ya mara zote, unamtaka mchezaji abuni gharama mpya kila dakika chache, na baada ya saa mbili akili inachoka kwa namna ambayo Dungeons & Dragons haiichoshi. Nchi yake ni ya baridi, chuma na upweke, na uganga ni haba. Anayetaka mazimwi ya kuruka na mapambo ya dhahabu hatatosheka. Kitabu chake kina kurasa zaidi ya 250, na kuna mistari mingi ya kuchora maendeleo ya safari, ya vita na ya viapo.

Kupanga kikao

Kwa Dungeons & Dragons nilikuwa nikitenga jioni nzima kabla ya kikao cha saa tatu, na muda mwingi ulikwenda kwenye kupima maadui. Kwa Cairn ninachora mahali: vyumba saba au vinane, nani anaishi humo, anataka nini, na kitu gani kitamfanya mtu aingie akiwa na nafasi tatu tu zilizobaki begani. Dakika 45 zinatosha. Kwa Ironsworn sipangi chochote zaidi ya kusoma tena viapo.

Lakini kupanga kwa kweli, kwa kikundi kidogo, hufanyika siku ya kuwabuni wahusika, na hili ni kweli kwa michezo yote mitatu. Katika kundi la watano mtu anaweza kuja na mhusika aliyemwandika nyumbani peke yake, na hadithi ikambeba hivyo hivyo. Katika kundi la wawili, wahusika wasiofungamana wanamlazimu mwongozaji kusimulia hadithi mbili. Ndiyo maana mchezaji wetu wa pili alipotaka kumleta mwindaji kutoka milimani, tulimwomba asubiri amsikilize Kombo kwanza. Akasikiliza, akamwacha mwindaji, akamleta Riziki, karani wa forodha aliyeligonga muhuri sanduku lile bila kulifungua. Tangu hapo sikuhitaji kueleza kwa nini wawili hawa wanasafiri pamoja.

Lugha na dadu

Vitabu vya michezo hii nimevisoma kwa Kiingereza, na mezani tunacheza kwa Kiswahili, kwa hiyo mtu mmoja anageuka mkalimani. Uzito wa kazi hiyo unapimika kwa kurasa. Kijitabu cha Cairn nilikifasiri kwa mdomo chote katika kikao cha kwanza, na kwa kuwa leseni yake ya Creative Commons inaruhusu, kikundi kinaweza kutoa chenyewe tafsiri yake na kuigawa bure, mradi kimtaje mwandishi na kuiachia kwa leseni hiyo hiyo. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons nazo ziliwekwa chini ya leseni ya namna hiyo mwezi Januari 2023, ila ni mamia ya kurasa. Ironsworn unaipakua bila malipo.

Kuhusu dadu, usisubiri seti ya kuagiza. Dadu ya pande sita iko kwenye kila kisanduku cha ludo. Kwa pande 10 na 20 tulikata vikaratasi vya namba, tukavitia kwenye vikombe, na kila anayechota anarudisha na kutikisa. Ironsworn inahitaji vikombe viwili tu vya namba 1 hadi 10; Dungeons & Dragons itakuchosha kwa vikombe, maana inataka aina sita za dadu.

Nani achague nini

Wakiwa mwongozaji na wachezaji watatu, na wote wana hamu ya kuwaona wahusika wao wakipanda ngazi kwa mwaka mzima na kupata uwezo mpya kila mara, ningewapeleka Dungeons & Dragons bila kusita; hakuna kati ya hii mingine miwili inayotoa raha hiyo ya kukua. Wakiwa mwongozaji na wachezaji wawili, hasa kama mmoja hukosa kikao mara kwa mara, Cairn ndiyo chaguo langu, kwa sababu mgeni anaweza kuingia kwa dakika 10 na aliyekosa hamvunjii mwenzake hesabu. Wawili tu, mke na mume au marafiki wa chumba kimoja, ambao hakuna anayetaka kuwa mwongozaji, waanze na Ironsworn.

Sisi tulimhamisha Kombo kutoka mchezo wa kwanza hadi wa pili katikati ya safari, na hatukupoteza kitu ila namba. Tulibaki na jina lake, deni lake, Riziki, na sanduku, ambalo hadi leo linakula nafasi mbili kwenye karatasi yake na bado halijafunguliwa.